Radhi ya Miavuli ya Kuazima

Anayekwenda Hija huanza safari yake kwenye simu. Kabla ya sanduku na kabla ya chanjo, unakaa na orodha ya watu uliowakosea, unampigia mmoja mmoja: nisamehe, naondoka, huenda nisirudi. Madhambi yaliyo baina yako na Mola, Mola mwenyewe ni Msamehevu. Lakini haki ya mja mwenzio haifutiki mpaka mwenye haki akwambie nimekusamehe. Ukifa nayo, Siku ya Kiyama atalipwa kwa thawabu zako, na mimi zangu si za kugawa.

Orodha yangu ilikuwa na watu thelathini na sita. Nilimpigia Msabaha, ambaye niliwahi kumtajia mchumba wake umri wake wa kweli. Nilimpigia Bi Ghalia, ambaye kwenye harusi ya mwanawe nilisema pilau imepikwa na mtu mwenye mafua, maana haikuwa na harufu hata ya mdalasini. Kumbe mwenyewe hakuwa na habari kama nilisema. Sasa akajua. Alininyima radhi siku mbili, akanipa ya tatu, tena kwa sharti nimletee zamzam.

Zikabaki wiki tatu nipande ndege, orodha imekwisha, nikajiona msafi kama shuka ya ihramu ingali dukani. Ndipo mjukuu wangu akapiga santuri.

Mjukuu wangu ni Miska, anasoma chuo, anakaa nami hapa Hayes. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza. Hapa nimemwandika kwa Kiswahili, watu wasije wakasema sikumlea. Vijana wa siku hizi muziki wote wa dunia wanao ndani ya simu, na bado wanakwenda kununua sahani za santuri kwa bei ya mbuzi, zile zile tulizozitupa jaani. Jumapili hiyo nilikuwa napiga pasi, yeye kaweka sahani yake kwenye mashine. Gitaa lilikuwa kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria, na mwanamme mmoja analalamika. Nikasema moyoni, huyu kaachwa. Mwishoni mwa upande wa kwanza akaimba, "Mama, nimerudi, fungua." Kikasikika kijisauti, tik. "Mama, nimerudi, fungua." Tik. "Mama, nimerudi, fungua."

"Miska, sindano imekwama. Inyanyue."

"Haijakwama, Bibi. Ndivyo ilivyo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka uchoke uinyanyue mwenyewe. Nyimbo hii haina mwisho. Ndiyo iliyowafanya wajulikane."

"Wajulikane kwa nini, kwa wazimu?"

Akacheka, akanieleza. Ni bendi ya Waayalandi, kwa tafsiri yangu Miavuli ya Kuazima, ya mwaka themanini na moja. Walikuwa wakivaa suti za mazikoni na kuwatukana waandishi wa magazeti. Wakatoa sahani moja tu kubwa, hii, kisha wakavunjika. Nusu ya watu walisema hakujapata kutokea muziki kama ule. Nusu walirudi nayo dukani wakataka kitu kizima. Ugomvi huo haujesha mpaka leo. Mwaka huu mwalimu mmoja wa chuo kikuu, Ann Njoroge, Mkenya wa hapa hapa London, ametoa kitabu cha kuwapima upya, tuone walikuwa mabingwa au matapeli. Miska alikuwa nacho. Kurasa ishirini na nane zilikuwa juu ya pale pale anaposema mama fungua. Akanisomea: kwamba hicho ni kilio cha kila mhamiaji ambaye kwao hapafunguki tena; kwamba hakuna msanii wa zama zile aliyethubutu kuuacha mlango umefungwa milele.

Maneno yalinigusa, sikatai. Nina miaka hamsini katika nchi hii, najua milango. Lakini kile kijisauti, tik, kilikuwa kinanikuna mahali ambapo mkono haufiki.

"Hebu nipe hiyo sahani."

Kwenye karatasi ya katikati, chini, kwa herufi za kimo cha sisimizi: imetengenezwa Hayes. Nikaigeuza kwenye mwanga kama nilivyofundishwa zamani, nikapitisha ukucha polepole pale karibu na mwisho wa upande wa kwanza. Kijidonda hiki hapa. Kidogo kama jicho la usubi. Nikasikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imeshalitoboa baibui langu la safari.

"Bibi! Una nini?"

"Astaghfirullah," nikasema. "Hili nimelifanya mimi."

Basi na nyinyi nikuelezeni. Kabla sijawa mtunza wazee, na kabla sijawa mzee wa kutunzwa, nilifanya kazi kwenye kiwanda cha sahani za santuri hapa hapa Hayes. Wanawake wengi wa mtaa huu tulipita pale. Sahani ilikuwa ikipigwa kama andazi la kukandamizwa: bonge la plastiki la moto linawekwa kwenye mashine, linabanwa na muhuri wa chuma uliochorwa nyimbo, inatoka sahani. Muhuri ukiingia donda, kila sahani itatoka na donda hilo hilo, na sindano ikifika hapo hurudi nyuma. Kwa hiyo kila baada ya muda huchukuliwa sahani moja, inapelekwa kwenye chumba kidogo, inawekwa mbele ya mtu mwenye hedifoni masikioni, anaisikiliza mwanzo hadi mwisho. Ikiwa sawa anaandika kwenye kadi: imesikilizwa, nzuri. Halafu saini. Mtu huyo alikuwa mimi. Nina darasa la saba tu, lakini masikio yangu yalikuwa na digrii.

Sasa, Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Julai. Anayeijua Julai ya London anajua nasema nini. Daku saa saba usiku, futari saa tatu na nusu usiku wa pili yake, na katikati hapo kazi, watoto wawili, na mume aliyepunguzwa kazini ambaye kutwa yuko kwenye kochi anaulizia futari itakuwa nini. Chumba chetu kilikuwa na joto na kiti cha mto. Ikaja sahani ya hao Waayalandi, bendi ndogo, wamepewa mashine moja tu. Nikavaa hedifoni. Nyimbo ya kwanza naikumbuka. Ya pili naikumbuka nusu.

Nilizinduka nikisikia, mama nimerudi fungua, mama nimerudi fungua, mama nimerudi fungua. Nikadhani ndicho kiitikio. Nikasema, huyo mama maskini ni kiziwi. Nikanyanyua sindano, nikaandika: imesikilizwa, nzuri. J.M., Jokha Miraji.

Baada ya wiki mbili msimamizi alinijia na kadi mkononi. "Jokha, hii uliisikiliza mpaka mwisho?" Nilimwangalia machoni, nami nimefunga, nikamwambia, "Mpaka mwisho, bwana." Ningefanyaje? Mshahara mmoja tu ndio ulikuwa ukiingia ndani. Akaondoka, na mimi nikasahau, kama mtu anavyosahau alichokitupa nje ya dirisha la basi.

Miska alinisikiliza, mdomo wazi. Akakifungua kile kitabu, akawa ananiangalia kama anayetaka kuniambia nimefiwa.

"Bibi, kaa chini. Hiyo nyimbo ilikuwa na beti la mwisho. Beti la mama kufungua mlango. Hakuna mtu aliyewahi kulisikia."

Akanisomea. Kwenye bendi walikuwamo ndugu wawili, tumbo moja: Malachy Collins muimbaji, na Fintan mpiga gitaa. Kuhusu beti hilo waligombana. Fintan alisema ni uongo, mama yao hakuwahi kuwafungulia walipomrudia, kwa nini waimbe kama aliwafungulia. Malachy akashinda, beti likarikodiwa. Siku ya kuchongwa ile sahani ya mwanzo, ile inayotolewa muhuri, Malachy alikuwa mgonjwa, akaenda Fintan peke yake kusimamia. Santuri zilipotoka haziufikii mlango kufunguliwa, Malachy akakata shauri: Fintan kafanya kusudi. Kiwanda kikaulizwa, kikatoa kadi. Msikilizaji kasikiliza mpaka mwisho, kasema nzuri. Basi ndivyo ilivyochongwa. Malachy akawaambia waandishi kwamba ndugu yake kamfungia mama mlango. Bendi ikavunjika. Ni miaka arobaini na nne hawajasemezana. Mama yao alipokufa, mmoja alisimama kichwani mwa kaburi na mwengine miguuni.

"Na hapa ndipo pabaya zaidi," Miska akasema. "Miaka ya tisini watu walipoanza kuusifu ule mwisho, Malachy alisema ni fikra yake. Kwamba mlango aliufunga yeye mwenyewe kwa makusudi."

Nilishikilia meza. Nimewahi kuvunja vikombe vya watu, na mara moja uchumba. Lakini tumbo moja! Kwa usingizi wa robo saa, na neno moja la uongo!

Nikampigia Kokila. Huyu Kokila ni Mhindi wa Nairobi, yuko Rayners Lane, alikuwa akipakia sahani kwenye majalada tukiwa kiwandani. Kiswahili tulikuwa tukikisema sisi wawili ili msimamizi asijue tunamsema.

"Kokila, unakumbuka Ramadhani ile ya joto? Kuna Muayalandi yeyote aliyekuja kiwandani kulalamika?"

"Nakumbuka kabisa. Kijana mwembamba. Alikaa kwa geti siku mzima. Alitaka kuona mtu alisikiza sahani. Bosi akamuonyesha kadi, basi. Kijana akalia. Mimi nilimpa samosa."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeenda kuswali."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Jokha? Nilipita pale kwa mlango nikakuona umelala na mdomo wazi kama papai imepasuka. Ningesema, ungefutwa. Nilinyamaza. Nikaendelea kunyamaza. Unaomba ile radhi yako ya Hija? Mimi sikudai kitu. Nenda salama."

Kwa hiyo orodha ikawa na watu thelathini na wanane, na wawili wa mwisho walikuwa Wakristo wa Ayalandi ambao hata sura zao sizijui.

Jumamosi iliyofuata, mchana, Miska alinipeleka Peckham. Kulikuwa na mkutano wa kukizungumzia kitabu, kwenye ukumbi wa ghorofani juu ya saluni ya kusuka nywele, na Malachy mwenyewe angekuwapo. Watu walijaa. Wazee wa Kizungu wenye suti nyeusi zisizofunga tena vifungo, na watoto wa rika la Miska waliovaa suti kama zile zile kwa makusudi. Ngazini walikuwa wameshaanza kubishana, mmoja anasema ni ufunuo, mwengine anasema ni kelele.

Ann Njoroge alikuwa mlangoni, mwanamke mrefu mwenye miwani mikubwa. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akafurahi mpaka akanikumbatia.

"Karibu mama! Hata wewe ni shabiki?"

"Shabiki sana," nikasema. "Mimi ni wa mwanzo kabisa kuisikia sahani ile."

Mola anisamehe, lakini hilo halikuwa uongo. Nikamwambia nakwenda Hija na nina neno dogo la kusema na Bwana Collins kabla hajapanda jukwaani. Akanipeleka chumba cha nyuma. Miska akabaki ukumbini akilinda viti.

Malachy Collins ana miaka sabini na moja, mmoja chini yangu. Kavaa koti la mahameli, nywele kapaka rangi, mvi amezisahau masikioni. Alikuwa anakunywa chai. Aliponiona alinyanyuka, na adabu yake ikanipunguzia nguvu.

"Mama, unataka nikutilie saini?"

"Saini nimetia mimi," nikamwambia. "Ndicho kilichonileta."

Nikamweleza yote, kwa Kiingereza changu cha kiwandani. Sikuficha mto wa kiti, wala neno nililomwambia msimamizi. Nilipofika kwenye kadi alitaka kuweka kikombe mezani, akaikosa meza. Chai ilimwagika kwenye suruali, na hakushtuka kwa moto wake.

"Ulilala," akasema.

"Nililala."

"Kwenye nyimbo yangu."

"Usilichukulie vibaya. Siku ile ningelala hata kwenye maulidi."

Hakucheka. Uso ulimtoka rangi, ukawa kama karatasi ya kufungia samaki. "Fintan hakugusa kitu?"

"Hakugusa."

Alikaa. Nilidhani analia, kumbe anafikiri. Akaniuliza polepole, "Nani mwengine anajua?"

"Mola. Mjukuu wangu. Na Kokila wa Rayners Lane, lakini huyo hasemi, amekaa nalo miaka arobaini na nne."

"Basi nimekusamehe," akasema haraka. Akanyanyuka, akanishika mikono yote miwili. "Nimekusamehe kwa moyo wote, mama. Nenda Makka. Nenda kwa raha. Ila usimwambie mtu."

Nilishukuru, nikafika mpaka kwenye kitasa. Hapo nikashtuka. Radhi ilikuja upesi mno, kama muuzaji anayekubali bei ya kwanza. Ukiona hivyo ujue kitambaa kina tundu.

"Bwana Collins, umenisamehe au umeninunua?"

"Kuna tofauti gani?"

"Kuna ndugu yako. Alisingiziwa kwa saini yangu. Na yeye ana haki yake kwangu, lazima nimwambie."

"Ukimwambia Fintan," akasema, "naufuta msamaha wangu."

Katika miaka yangu sabini na miwili nimeona talaka ikirejewa na posa ikirudishwa. Radhi kurudishwa mfukoni sijapata kuiona. Nikakaa kwenye kiti chake yeye.

"Utaufuta?"

"Mama, nisikilize." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Miaka ishirini nimeuza magodoro. Vijana hawa wote wamekuja kwa sababu ya mlango ule. Wanasema nilikuwa jasiri. Ukiuondoa, ninabaki na nini? Muuza magodoro aliyewahi kuimba, akaharibiwa kazi na mtu aliyesinzia."

Nilimwonea huruma, wallahi. Na nisifiche, shetani alinijia. Akaniambia: Jokha, radhi moja unayo mkononi. Huyo Fintan hakujui, hatakuuliza. Nyamaza, upande ndege yako, uitwe Hajjati, Bi Ghalia apate zamzam yake. Nilimsikiliza shetani mpaka nikaona anasema vizuri. Lakini nikamfikiria yule kijana mwembamba kutwa nzima getini, na mimi niko ndani nasujudu, na kadi yangu ndiyo iliyomfukuza.

"Basi ufute," nikamwambia. "Tutaonana Kiyama, utanidai, utachukua thawabu zangu. Ni chache, usije na gari kubwa. Lakini kwenye nyumba ya Mola siendi nikiwa nimemficha ndugu yako ukweli. Nipe namba yake."

"Sina."

"Ann anayo. Kitabuni kaandika alimpigia, akakataa kuzungumza."

Malachy aliangalia sakafu. Nje watu walikuwa wakivuta viti. Halafu, bila kutoa simu wala karatasi, akaanza kutaja tarakimu moja baada ya moja, kama mtoto anayesoma sura aliyoihifadhi. Nikawa naziandika kwenye simu yangu.

"Unaijua kwa moyo?"

"Ni ya nyumbani kwake Luton. Hajahama pale tangu themanini na nne. Huwa naipiga mpaka tarakimu ya kumi. Ya kumi na moja naiacha."

Nikaibonyeza ya kumi na moja. Nikatia spika, maana masikio yangu ile digrii yalishainyang'anywa. Ikalia mara nne.

"Naam?" Sauti ya mzee, yenye kikohozi.

Nikajitambulisha. Nikasema, mimi ni Jokha wa kiwanda cha sahani, Hayes, mwaka themanini na moja, nakwenda Hija, nimekupigia kukuomba radhi. Nikamweleza. Malachy alikuwa amejibana ukutani, viganja viwili mdomoni. Nilipomaliza nikatazama simu kama imekatika.

"Samosa," Fintan akasema.

"Naam?"

"Kuna mama wa Kihindi pale getini alinipa samosa. Ndiye wewe?"

"Siye. Mimi ndiye niliyelala."

Akaanza kucheka. Jamani, alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa nimemwua na huyo. "Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni mwanamme mwenye tai na sigara. Nilimchukia yule mwanamme! Mpaka kipara nilimwekea."

"Ulidhani? Kwa hivyo ulikuwa unajua?"

"Mama, mimi nimejua tangu wiki ile ile. Nilirudi kwa aliyeichonga, tukaipiga ile ya mwanzo, ikaenda mpaka mwisho, mlango ukafunguliwa vizuri tu. Nikajua ni kiwandani. Ndiyo maana nilikuja pale kwenu."

Kiti kingine kilianguka. Malachy alikuwa amekigonga kwa goti.

"Sasa mbona hukusema?" nikauliza, maana nilihisi nywele zinanisimama chini ya mtandio.

"Nilikwenda kumwambia. Njiani nikanunua gazeti, nikasoma ameshasema nimemfungia mama mlango. Mtu mliyetoka naye tumbo moja akiweza kuamini hivyo juu yako, unampelekea ushahidi wa nini? Nilitaka aniamini bila sahani. Nikangoja. Ukingoja mwaka, wa pili unakuwa rahisi."

Nikaisogeza simu karibu.

"Basi mimi je?" nikamwuliza. "Unanisamehe?"

"Wewe ulikuwa na njaa na usingizi. Na kwa ule uongo, ningekuwa na watoto wawili ningeusema mimi pia. Nimekusamehe, mama. Kaniombee goti langu la kushoto." Halafu sauti ikabadilika. "Na huyo mwengine yupo hapo? Nimetengeneza boila za maji moto maisha yangu yote. Nasikia moja inapumua vibaya."

Nikamwangalia Malachy. Sikumwita, sikumwashiria. Mlango ukagongwa, Ann akasema kutoka nje kwamba wakati umewadia, watu mia mbili wanangoja. Malachy alikuja hatua mbili, akaichukua simu mezani kama mtu anayeshika ndege. Hakujua jinsi ya kuzima spika, nikamzimia.

"Ni mimi," akasema.

Machozi na jasho vilimshuka pamoja na ile rangi ya nywele, mistari miwili myeusi kwenye mashavu. Kisha akasema:

"Ulisema kweli, Fin. Hakutufungulia. Mimi ndiye niliyetaka wimbo umfungulishe kwa nguvu."

Nikajua ni wakati wangu wa kutoka. Nilipopita mbele yake alinishika mkono, akaifunika simu kwa kifua.

"Mama. Nimekusamehe. Na safari hii sikununui. Kama kuna mtu anataka kujua, mwambie."

Nje Ann alikuwa na karatasi zake kifuani, anatazama saa. "Mama, yuko tayari?"

"Anazungumza na Fintan."

Karatasi zilimtoka mkononi, zikasambaa mpaka ngazini. "Fintan yupi?"

"Fintan wangapi unawajua? Ndugu yake."

Mwanamke huyo aliyeandika kurasa mia tatu juu ya watu hawa wawili aliteremka na ukuta polepole mpaka akakaa sakafuni, na suruali yake nyeupe. Nikakaa naye, kwa shida, nikamweleza, kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya namna hii yanauma kidogo zaidi kwa lugha ya ofisini. Alisikiliza bila kupepesa. Niliposema hedifoni alifumba macho. Niliposema kiitikio alitoa sauti ambayo sijui ilikuwa kicheko au nini.

"Kurasa ishirini na nane, mama," akasema mwishowe. "Nimeandika ni ujasiri wa msanii. Kumbe ni wewe, na saumu."

"Uliandika kwamba kuna watu wakirudi kwao hapafunguki. Hilo umekosea?"

Akafikiri. "Sijakosea."

"Basi hilo liache. Mengine pangusa."

Ukumbini watu walikuwa wameanza kupiga miguu chini kumwita Malachy, mpaka taa za saluni chini zikawa zinatikisika. Ann hakunyanyuka. Nyuma yetu, chumbani, tulimsikia mzee wa miaka sabini na moja akicheka kwa sauti ya kitoto, halafu akinyamaza, halafu akianza tena. Nikamwuliza Ann kama pana mahali pa kutia udhu, maana Laasiri ilikuwa inanipita.